Neno Bepari Si Kosa la Tafsiri

Wako wasomi wasemao kwamba Mwalimu Nyerere, alipoiita tafsiri yake ya Shakespeare Mabepari wa Venisi mwaka 1969, alipotoka kwa makusudi. Neno "merchant", wanadai, ni mfanyabiashara. Kumwita bepari ni kuitia tamthilia Azimio la Arusha la 1967. Hukumu hiyo tumeisikia Musoma na Bunda, hata Butiama alikozaliwa mfasiri mwenyewe, na vijana huikariri kama kanuni ya hesabu. Sisi twaikataa.

Kwanza, mfanyabiashara ni nani? Mama auzaye dagaa pale Mwigobero ni mfanyabiashara. Mwenye duka la vitenge Bunda naye ni mfanyabiashara. Je, Antonio ni mwenzao? Antonio hana meza wala mizani. Mali yake imo merikebuni, ikielekea Bara Hindi, Meksiko na Uingereza, naye yuko Venisi akingojea faida. Mtaji wake husafiri, mwenyewe hasafiri. Kwa mtu wa namna hiyo, mfanyabiashara ni neno pana mno, na mchuuzi ni dogo mno.

Pili, neno bepari halikuzaliwa katika siasa. Lilitujia kutoka lugha za Bara Hindi, na asili yake huko ni mfanyabiashara tu. Siasa ililikuta limekwisha kupiga kambi katika Kiswahili, ikalitia ukali. Mfasiri alilichukua pamoja na asili yake na ukali wake.

Lakini tusiwe washangiliaji wasiosoma. Jina la Kiingereza lataja mtu mmoja. La Kiswahili lataja wengi. Hapo ndipo penye uzito. Antonio hukopesha bila riba, Shylock hutoza riba. Wingi huo wawatia wote wawili kapu moja. Je, ni haki? Tamthilia yenyewe yajibu nusu. Portia aingiapo mahakamani huuliza ni yupi mfanyabiashara na ni yupi Myahudi, kana kwamba kwa macho hawatofautiki. Naye Shylock huwakumbusha waungwana wa Venisi kwamba wao wenyewe wana watumwa waliowanunua kwa fedha. Basi, anayedai ratili moja ya nyama ya mtu na wanaomiliki mwili mzima, nani amcheke mwenziwe? Wingi ule wa Kiswahili huondoa lawama juu ya Myahudi peke yake, ukaiweka juu ya mji wote. Hata hivyo Antonio hupunjwa kidogo, nasi twakiri.

Kwa hiyo, walimu wenzetu, msiwape wanafunzi hukumu iliyokwisha kupikwa. Andikeni ubaoni mchuuzi, tajiri, bepari. Wanafunzi wayapime kwa matendo ya Antonio, kisha wachague na watetee. Maana taifa linaloamini kwamba kila Kiswahili kinapoachana na Kiingereza basi Kiswahili ndicho kilichokosea, limekwisha kupoteza kesi kabla hakimu hajaketi.