Harufu ya Bahari Kutoka Mbinguni

Kianyaga ni mji mdogo chini ya Mlima Kenya. Jua likizama baridi huingia mifupani, na ukungu ukiondoka nyota huonekana karibu kuliko tuzionavyo sisi Mombasa, ambako taa za bandari zimezifukuza. Huko, katika mkahawa wa chai, mzee mmoja mkulima wa kahawa aliniuliza: "Mswahili, redio imesema wamepata watu huko juu. Nyinyi Waislamu mtasema nini?"

"Mzee wangu," nikamjibu, "si watu. Ni harufu."

Naam. Aprili 2025 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, wakiongozwa na Nikku Madhusudhan, walitangaza kuwa darubini ya James Webb imeona dalili za gesi iitwayo dimethili salfaidi katika hewa ya sayari K2-18b, ambayo mwanga wa nyota yake huchukua miaka 124 kutufikia. Hapa duniani gesi hiyo hutokana zaidi na vimea vidogo vya baharini, nayo imo katika ile harufu tuijuayo sote tuliokulia pwani.

Nikampa mzee mfano wa mwezi mwandamo. Mtu akidai kauona, haulizwi ana hamu gani ya idi. Huulizwa kauona wapi, na nani mwingine kauona. Cambridge wenyewe walikiri kuwa kuna nafasi kama 3 katika 1,000 kwamba dalili ile ni ya bahati tu. Desturi ya fani yao hutaka isifike hata 1 katika milioni. Wengine wakazipima upya takwimu zile zile, wasiuone mwezi. Tena gesi hiyo imepatikana katika nyota yenye mkia iitwayo 67P, donge la barafu na vumbi tu!

Kwa upande wa dini sioni zahama. Aya ya 29 ya Suratu Shuura yataja viumbe waliotawanywa mbinguni na ardhini, na wafasiri wamehitilafiana ni viumbe gani. Ninaowalaumu ni wale wanaoikimbilia aya hiyo kila habari kama hii itokapo. Gesi ikikanushwa kesho, watawaambia nini vijana waliowafundisha kuwa darubini imeithibitisha Qur'ani? Sayari zaidi ya 6,000 zimekwisha kujulikana nje ya jua letu, nami sidhani zote ni tupu. Lakini hiyo ni dhana yangu, si ushahidi.

Mzee akamaliza chai yake.

"Basi," akasema, "endeleeni kufunga."