Duara kwenye sahani halitibu taifodi

Mtetezi wa mwarobaini siku hizi haishii kusema kwamba bibi yake aliutumia. Husema maabara imethibitisha unaua bakteria, kwa hiyo unatibu taifodi. Nusu ya kwanza ni kweli. Loweka kikaratasi cha milimita 6 katika dondoo la majani yake, kiweke juu ya sahani iliyopandwa vijidudu, na kesho yake mara nyingi utakuta duara safi limekizunguka, halijaota kitu. Mimi naupenda mti huu, na duara hilo silibishii. Nabisha hitimisho.

Kwanza, siki na spiriti navyo huua bakteria kwenye sahani, ila hakuna anayetibu taifodi kwa siki. Bakteria wa taifodi hujificha ndani ya seli, kwenye ini, wengu na uboho. Dawa sharti ivuke utumbo, inusurike kwenye ini, kisha ifike huko ikiwa bado na nguvu ya kutosha. Kikombe cha majani ya kuchemsha hakina hata kipimo.

Pili, sifa ya antioksidanti ambayo mwarobaini hupewa. Kipimo kilichozoeleka hutumia DPPH, kemikali ya zambarau inayogeuka njano ikikutana na dondoo. Ni jaribio zuri na la bei nafuu, lakini DPPH haimo mwilini mwa mtu, na chai ya rangi nayo huigeuza.

Tatu, eti cha asili hakidhuru. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mbegu za mwarobaini: walitapika, wakasinzia, wakapata degedege.

Ingawa nasema haya, mswaki wa mwarobaini nautetea, kwa sababu kinywani utomvu hugusana na vijidudu moja kwa moja, bila safari ya kwenye damu.

Tena mimea ya jadi huzaa dawa kweli. Mwaka 1971, huko Beijing, mtafiti Tu Youyou aliona dondoo la mmea wa artemisia halitabiriki dhidi ya malaria. Akaacha kulitoa kwa joto kali, akatumia etha. Mwaka uliofuata yeye na wenzake walilinywa wenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa. Dawa mseto ya malaria ya zahanati zetu inatokana na kazi hiyo. Mwarobaini nao unastahili kufanyiwa hivyo: dondoo lenye kipimo, na wagonjwa wa kulinganishwa na waliopewa dawa ya kawaida. Kwa sasa, mwenye homa isiyokoma aende akapimwe kabla ya kuchemsha majani.