Tumbusi wa Katavi na somo la fizikia

Kiangazi, ardhi ya makazi ya Katumba, mkoani Katavi, ikishashika joto, tumbusi hupanda juu bila kupiga bawa. Huzunguka ndani ya hewa moto inayopaa, kisha huteleza kwenda Hifadhi ya Katavi kutafuta mizoga. Mwanafunzi anayewaona kila siku njiani hapaswi kukariri fizikia ya hewa kama habari ya nchi ya mbali.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtafiti Mwingereza, Colin Pennycuick, aliwafuata ndege hao katika anga la Serengeti. Alitumia glaida, yaani ndege ya kuelea, yenye injini ndogo. Akishafika juu aliizima injini, akaelea pamoja na tumbusi, huku akisoma kwenye vipimo vyake kasi waliyopanda nayo. Matokeo aliyachapisha mwaka 1972. Utafiti huo umefanyika Tanzania, na ni haki watoto wetu waifahamu.

Chumba cha rubani wa glaida ni kidogo, na karibu kila kilichomo kinaeleweka kwa fizikia ya sekondari. Altimita ni kikopo chembamba cha chuma kilichozibwa: glaida ikipanda, mgandamizo wa hewa ya nje hupungua, kikopo hutanuka na mshale husogea. Kati ya miguu ya rubani kuna usukani wa kuinua pua na kulaza mabawa. Pedali huzungusha usukani wa mkia. Mkono wa njano huachia kamba inayoivuta glaida kupaa, wa bluu hufungua breki za mabawa. Rangi hizo hufuata kanuni moja, ili mkono usipotee wakati wa haraka.

Nje ya kioo, mbele ya macho, kuna kipande cha uzi wa sufu kilichobandikwa kwa gundi. Ncha yake ikipeperukia kushoto, rubani hukanyaga pedali ya kulia mpaka uzi unyooke. Hata glaida ya bei kubwa hutegemea uzi huo.

Kifaa kinachomwambia rubani kama anapanda au anashuka, variometa, huunganishwa na chupa inayohifadhi joto, kama chupa ya chai. Hewa ikitoka chupani, anapanda, ikiingia, anashuka.

Hiki kinaweza kutengenezwa shuleni. Chukua chupa ya chai tupu na kavu, iache ipoe, izibe kwa kizibo chenye mrija mwembamba wa plastiki, ulaze mrija na uweke tone la maji ndani yake. Mwanafunzi akiibeba kwa upole hadi juu ya mnara wa tangi la maji, mita tatu tu, tone husogea sentimita kadhaa kuelekea nje. Darasa zima linaona.

Maabara kamili ni haki ya mtoto wa Katumba kama ya mwenzake wa Dar es Salaam, na madai hayo yasikome. Lakini kusubiri maabara huku kidato kizima kinamaliza shule bila kugusa kipimo hata kimoja ni kuwanyima watoto elimu. Makazi haya yaliyoanza kwa wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 sasa yamejaa raia wa Tanzania, na vijana wao wana haki ya kuutaka urubani na ufundi wa ndege.

Halmashauri ya Nsimbo, inayosimamia Katumba, inunulie kila shule ya sekondari chupa na mrija. Walimu wa fizikia, watoeni wanafunzi nje kiangazi hiki.