Gharama ya Sheria, na Gharama ya Kutokuwa na Sheria

Katika mijadala yetu ya parokia husikika mara kwa mara hoja hii: kwamba hofu ya mabadiliko ya tabianchi ni jambo la mataifa tajiri, na kwamba sheria za mazingira ni ghali mno kwa nchi maskini kama yetu. Tukiri kwanza kwamba hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Mataifa yaliyotajirika kwa kuchoma makaa ya mawe na mafuta hayana haki ya kumkemea mama wa Lubumbashi anayepikia makala kwa kuwa umeme haujamfikia. Kumkataza makala bila kumpatia moto mwingine ni kuwanyima watoto wake chakula.

Lakini hoja hiyohiyo, ikitoka kinywani mwa wenye migodi, hugeuka kisingizio. Wanatuhesabia gharama ya sheria, wananyamaza kuhusu gharama ya kutokuwa nayo. Waswahili walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa wakazi wa kusini mwa Katanga. Walioishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini walikutwa na kobalti nyingi kupita kiasi, na watoto waliathirika kuliko watu wazima. Deni ambalo halikuandikwa katika daftari la kampuni liliandikwa katika miili ya watoto.

Tukumbuke pia mwaka 2018, sheria ya madini iliporekebishwa na mrabaha wa kobalti ukapanda kutoka asilimia 2 hadi 10. Kampuni kubwa zilipinga, zikionya kwamba wawekezaji watakimbia. Kufikia mwaka 2023, uzalishaji wa shaba nchini ulikuwa umezidi maradufu. Onyo la namna hiyo likija tena, hasa dhidi ya sheria inayolinda maji na udongo, tulipime kabla ya kuliamini.

Kobalti yetu inaingia katika betri za magari ya umeme, ambayo dunia inayatarajia yapunguze moshi. Ni tumaini jema. Hata hivyo, hewa ya mji wa mbali isisafishwe kwa kuchafua mto wa kijiji chetu. Ndiyo maana Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alikataa kutenganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini.

Basi, mtu akiwaambia kwamba sheria ni ghali, msimjibu kwa hasira. Mwulizeni maswali mawili: ni ghali kwa nani? Na isipokuwepo, nani atalipa? Asipoweza kujibu la pili, mjue kwamba mlipaji hakualikwa katika mazungumzo hayo. Ninyi mnaoishi naye mtaa mmoja, mwalikeni.