Hesabu ya Mteremko

Katika Nyanda za Juu za Kusini mwa Tanzania ipo barabara ipandayo kutoka Chimala hadi Matamba, njia ya kuendea Kitulo, ambayo huitwa Hamsini na Saba. Jina hilo ni idadi ya kona zake kali. Barabara nyingi hupewa majina ya viongozi au ya miji ziendako. Hii imepewa hesabu. Yafaa wapenda sayansi walitafakari jina hilo, kwani elimu ya maumbile huanza hivyo hivyo: kwa kuona, kuhesabu na kukumbuka. Hata hivyo, hesabu ya kona ni nusu tu ya ile inayomhusu msafiri wa milimani. Nusu ya pili ni hesabu ya mteremko, na hiyo haijulikani kwa wengi, ijapokuwa uhai wao huitegemea kila siku ya safari.

Usafiri wa milimani una tabia zake. Iwe Usambara, Upare, Uluguru au Ukinga, vijiji vingi vya juu vina magari machache kuliko abiria. Atakayelikosa gari la alfajiri huenda akangoja hadi kesho yake. Ndiyo maana basi dogo, Noah au lori hupakia watu na shehena kupita kiasi, na hakuna abiria anayekubali kubaki. Lipo pia jambo lisilotajwa mara nyingi: uchumi wa mlima hupeleka uzito chini. Kabichi, viazi, karoti na mbao hutoka juu kwenda kwenye masoko ya bondeni. Kwa hiyo gari aghalabu huwa na mzigo mkubwa kabisa pale pale ambapo mzigo ni hatari zaidi, yaani linaposhuka.

Watu wengi hudhani kinyume. Gari linapopanda, injini hunguruma, maji ya rejeta huchemka, utingo huruka chini na jiwe mkononi tayari kuzuia gurudumu, na abiria hunyamaza kwa hofu. Linapoanza kuteremka, mazungumzo hurudi. Lakini gari lililoshindwa na mlima aghalabu husimama. Gari lililoshindwa na mteremko halisimami mpaka lisimamishwe na kitu kingine.

Na uchukuliwe mfano wa barabara ya Lushoto hadi Mombo, ipitayo Soni. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Mombo karibu mita 400. Baina yake ni mwendo wa kilomita 30 na ushei. Basi lenye jumla ya tani 10 likiwa Lushoto lina nishati tuli ambayo mwanafunzi aweza kuikokotoa kwa kuzidisha masi, mvutano wa dunia na kimo: 10,000 mara 10 mara 1,000, yaani jouli milioni 100. Basi hilo likifika Mombo na kusimama, nishati hiyo haiko tena katika kimo chake. Imekwenda wapi? Nishati haipotei, bali hugeuka. Sehemu imechukuliwa na upinzani wa hewa na wa matairi. Iliyobaki sharti iwe joto, ama katika breki ama katika injini. Jumla yake yatosha kuchemsha karibu lita 300 za maji. Kama yote ingeziangukia breki, na vyuma vyake vikawa na uzito wa kilo 200, halijoto yake ingepanda kwa nyuzi zipatazo 1,000, lau visingepata nafasi ya kupoa njiani.

Hapo ndipo mwendo unapokuwa na maana. Safari ya saa moja huzalisha joto kwa kiwango kinachozidi kilowati 25, mfano wa majiko 25 ya umeme ya kilowati moja moja. Safari hiyo ikifanywa kwa nusu saa, kiwango huzidi kilowati 50. Breki iliyozidiwa na joto hulegea kwa namna kadhaa. Bitana zake hupoteza msuguano. Ngoma hutanuka na kujitenga na bitana. Katika magari yatumiayo mafuta ya breki, mafuta yaliyokaa muda mrefu huwa yamefyonza maji. Yakichemka hutoa mvuke, na kwa kuwa mvuke hushindilika kwa urahisi, pedeli huzama bila kani kufika kwenye magurudumu. Baada ya ajali husemwa kwamba breki zilikatika ghafla, nayo huhesabiwa kuwa bahati mbaya. Mara nyingi hapakuwa na ghafla yoyote. Joto lilikuwa likijilimbikiza tangu kileleni.

Dawa yake ni ya zamani na haina gharama: kuteremka kwa gia nzito, ile ile ambayo dereva angeitumia kupanda mahali hapo, na kuishika kabla mteremko haujaanza. Hapo magurudumu huizungusha injini, nayo huchukua sehemu kubwa ya nishati na kuitoa kwa njia ya ekzosi na rejeta, huku breki zikipumzika. Kinyume chake ni desturi ya kuliacha gari litembee bila gia, ambayo madereva huiita frii. Sababu itolewayo ni kuokoa mafuta. Ikumbukwe kwamba dereva hana budi kumpelekea tajiri fedha za kila siku, ambazo nazo, kwa lugha ya vituoni, huitwa hesabu. Ikipungua, kazi yake imo mashakani. Basi hesabu ya tajiri huishinda hesabu ya mteremko. Lakini hata katika fedha dereva huyo amepotea. Katika injini za siku hizi zinazodhibitiwa kwa kompyuta, gari linaposhuka likiwa ndani ya gia na dereva ameondoa mguu kwenye pedeli ya mafuta, injini huacha kunyunyiziwa mafuta kabisa. Linaposhuka kwa frii, injini sharti ichome mafuta ili isizimike. Afanyaye frii ili aokoe anapoteza mafuta na breki kwa pamoja.

Kona nazo zina hesabu yake. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 15, gari liendalo kilomita 20 kwa saa huhitaji kani ya pembeni ipatayo moja ya tano ya uzito wake. Mwendo ukiongezwa mara mbili, kani hiyo huongezeka mara nne na kupita robo tatu ya uzito. Na kila gunia linalopandishwa kwenye keria huinua kitovu cha uzito, hata gari likapinduka kwa kani ndogo kuliko ile ambayo lingeistahimili.

Patakuwa na watakaosema kwamba elimu hii ni ya madereva, si ya wanafunzi. Na kwamba abiria hana mamlaka ndani ya gari la pekee liendalo kijijini kwake. Hoja ya pili ina ukweli. Abiria mmoja akisema, hujibiwa akodi la kwake. Lakini abiria 20 wanaojua kwa nini gari lisishuke kwa frii si sawa na mmoja mwenye woga. Isitoshe, wanafunzi wa leo ndio madereva, mafundi, askari wa barabarani na matajiri wa kesho.

Kosa kubwa liko kwenye namna ya kufundisha. Mwanafunzi wa sekondari hukariri kwa Kiingereza kanuni ya hifadhi ya nishati, akafaulu mtihani, kisha akapanda basi la kurudi likizo bila kutambua kwamba ameketi ndani ya kanuni hiyo. Wala hawezi kumweleza utingo, kwa kuwa maneno aliyopewa si yale wanayozungumza pamoja. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mjadala wa sera una mahali pake, lakini hakuna sera imzuiayo mwalimu kuueleza msuguano kwa lugha ya kituo cha basi.

Yapo ya kutendwa mara moja. Shule zilizo milimani zinaweza kuipima barabara yao: tofauti ya kimo, urefu, na muda linaotumia gari la asubuhi, kisha darasa likokotoe kilowati zake na kubandika matokeo kituoni. Halmashauri zinaweza kuweka vileleni vibao vya kuwaelekeza madereva wabadili gia hapo, pamoja na mahali pa kusimama ili breki zikaguliwe kabla ya kushuka. Na matajiri wa magari wasomewe hesabu ya mafuta, maana hiyo wataielewa upesi kuliko mahubiri yoyote juu ya mwendo wa kasi.