Bwana wa Maji Aliyepita Fungurume

Wandugu wasomaji, vijana wa hapa Goma huniuliza: askari wa maji ana kazi gani katika inchi yetu, isiyo na bahari ila kipande kile kidogo kule Moanda? Kumbe maziwa yetu yameona vita. Ziwa Kivu lenyewe lilionja: Septemba 1914 Wadachi waliteka kisiwa cha Idjwi. Lakini habari kubwa ni ya Ziwa Tanganyika, na mtu wake ni Geoffrey Spicer-Simson.

Alizaliwa mwaka 1876 kule Tasmania, Australia. Akiwa na miaka 14 tu aliingia jeshi la maji la Waingereza. Alijua kupima mito na kuchora ramani zake, na Kifaransa alikisema vizuri. Lakini alikuwa mtu wa kujisifu sana, na ajali zilimfuata. Wenzake walipanda cheo, yeye akabaki. Novemba 1914 meli yake Niger ilipigwa na Wadachi ikazama karibu na mji wa Deal, naye mkubwa wake alikuwa nchi kavu, hotelini na wageni. Aliiona dirishani ikizama! Kiisha hapo wakamtia ofisini, kazi ya karatasi. Miaka karibu 39, na mtu ameisha kuhesabiwa bure.

Wakati ule Wadachi walitawala Ziwa Tanganyika. Agosti 1914 walikuwa wameharibu meli ya Wabeleji, Alexandre Delcommune, na toka hapo hakuna aliyewazuia. Mwindaji mmoja, John Lee, akaenda London na shauri: leteni mashua za mwendo wa mbio kupitia Katanga. Nani aziongoze? Maofisa wazuri walikuwa vitani. Wakamkumbuka yule wa ofisini.

Alipewa mashua mbili za mbao, kila moja mita 12 hivi, na watu wasiofika 30. Alitaka kuziita Paka na Mbwa, wakubwa wakakataa. Basi akaziita Mimi na Toutou, maneno ambayo mtoto wa Ufaransa angemwitia paka na mbwa wake. Sisi wa Kiswahili tunacheka mara mbili: kwa bwana yule, jina gani lingemfaa kupita "Mimi"?

Juni 1915 waliondoka Uingereza. Toka Cape Town walipanda gari la moshi mpaka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kisha Fungurume. Ninyi wa migodini mnajua juu ya nini reli ilifika huko: shaba. Bila shaba mashua zile zisingefika. Lakini reli iliishia hapo, na mbele kulikuwa milima ya Mitumba.

Hapa ndipo inafaa tukae kidogo. Kupita kilometa zaidi ya 200, toka Fungurume mpaka Sankisia, mashua zilikokotwa juu ya magurudumu. Masini mbili kubwa za moshi zilivuta. Ziliposhindwa, ng'ombe wengi walifungwa kamba. Na ng'ombe waliposhindwa, watu. Wanaume wetu walikata miti, walilipua mawe, wakajenga madaraja zaidi ya mia moja. Masini zilikunywa maji mengi kuliko ng'ombe, na majira yalikuwa ya ukame, basi mama zetu wakabeba maji kichwani, safari ndefu, ili moto usizimike. Kazi hii ilichukua wiki sita hivi. Toka Sankisia walipata reli tena mpaka Bukama, wakashuka Lualaba mpaka Kabalo, na mwisho wa Oktoba wakafika Lukuga, ndiyo Kalemie.

Desemba 26, 1915, siku ya Mungu, Spicer-Simson alikuwa akiongoza ibada ya asubuhi meli ya Wadachi Kingani ilipoonekana. Hakukata ibada, alimaliza kwanza. Kisha wakatoka, na kwa dakika kama 11 Kingani ikakamatwa. Wakaitengeneza wakaiita Fifi. Februari 9, 1916, wakazamisha ya pili, Hedwig von Wissmann. Watu wa ziwani walimshangaa akitembea na sketi na michoro mwilini, wakamwita Bwana Chifunga-tumbo.

Lakini meli kubwa, Goetzen, ilipotokea, hakwenda kuipiga. Wengine wamemwita mwoga. Mimi ninaona mashua za mbao mbele ya meli ya mita 70 si jambo la mchezo. Lakini katikati ya mwaka kule Bismarckburg, ndiyo Kasanga, aliwaacha Wadachi watoroke kwa mashua usiku, na hilo wakubwa wa jeshi la nchi kavu hawakulimeza. Akarudi kwao mgonjwa. Goetzen, Wadachi wenyewe waliizamisha Julai 1916. Waingereza wakaiinua 1924, na toka 1927 ilibeba abiria kwa jina la Liemba.

Spicer-Simson alipata nishani. Baadaye alikuwa katibu mkuu wa ofisi ya mataifa ya kupima bahari kule Monaco, toka 1921 mpaka 1937, kazi ya ramani aliyoijua toka ujana. Alikufa Kanada mwaka 1947.

Vitabu vimeandika majina ya wale Waingereza, hata la mpishi ungelipata ukitafuta. Ya wale wanaume wa madaraja na mama wa maji sijayaona. Wandugu wa Fungurume, Sankisia na Bukama, kama kwenu kuna mzee aliyesikia kwa babu yake habari za mashua zilizopanda mlima, mwulizeni jina la babu huyo, mtuandikie.