Kabla ya kutamani mguu wa kuku, uliza ulisafishwa lini

Mjomba wangu hununua muguka Kiritiri na kuupeleka soko la mbali. Kazi yenyewe huanza kabla ya jua kutoka, na kuna wakulima ambao hawataki hadithi nyingi, wanataka noti mkononi. Kwa hivyo kwa miaka minne amekuwa akitembea na bastola ndogo kwenye mfuko wa kulia wa suruali. Ana cheti. Hukifanya upya kila mwaka. Hajawahi kuichomoa mbele ya watu hata kwa utani, na mimi niligundua tu kwa sababu ndani ya matatu yeye hukaa kiupandeupande kama mtu mwenye jipu.

Agosti iliyopita aliniomba nimsindikize hadi Kirigiti, kule Kiambu, kwenye uwanja wa kulenga shabaha. Kutoka Kiritiri kwenda Kirigiti: tulicheka na majina hayo njia nzima. (Hilo la pili wazee husema ni neno "kriketi", mchezo wa wazungu wa enzi za ukoloni, lilipopita kwenye ulimi wa Mkikuyu.) Mjomba alikuwa na furaha. Alitaka nimwone akilenga.

Risasi ya kwanza ililia. Ya pili, kimya. Akavuta tena, kimya. Kisha akafanya kile ambacho bado nakiota usiku: aligeuka kutuuliza kuna nini, bastola ikiwa bado mkononi, mtutu ukigeuka pamoja naye kuelekea tumboni kwangu. Mkufunzi alimshika kifundo cha mkono kabla sijaelewa chochote. "Mzee, mtutu mbele! Mbele kwanza, maswali baadaye." Hakupiga kelele. Nadhani ameshaona wengi.

Ganda tupu la risasi ya kwanza lilikuwa limekwama kwenye tundu la kutokea, limesimama wima kama bomba la moshi. Mkufunzi akalitoa, akahakikisha chemba iko tupu, kisha akaifungua ile bastola juu ya kitambaa cheupe. Wasee, kilichotoka humo ni aibu. Nyuzinyuzi za suruali. Vumbi jekundu la Mbeere. Kipande cha jani la muguka, kikavu kama karatasi. Na juu ya hayo yote utando wa kahawia unaonata, kwa sababu mjomba alikuwa akiipaka mafuta ya kupikia, yaleyale ya chapati. Mafuta hayo yakikaa na joto hugeuka gundi.

Mjomba alitazama kitambaa kile kwa muda mrefu. Akasema, "Mpwa wangu, sasa hiyo miaka yote nilikuwa nimebeba nini?"

Sikuwa na jibu, na ndiyo maana ninaandika.

Huku mjini tunaongea kuhusu bastola kama tunavyoongea kuhusu gari au simu mpya. Nani anayo, ni ndogo kiasi gani, inaingia hata kwenye jinzi za kubana. Kuna wale wanaoinua shati kidogo wakiwa baa ili mwone kishikio, halafu wanajifanya walikuwa wakijikuna tu. Januari 2020 DJ Evolve alipopigwa risasi ndani ya klabu kule Kilimani, video ya kamera za usalama ilifika kwenye kila simu nchini, na kwa wiki kadhaa tukauliza ni nani anafaa kuruhusiwa kubeba silaha. Swali zuri. Lakini baada ya kelele kuisha, mguu wa kuku ulirudi kuwa mapambo. Sijawahi kuona mtu akijipiga picha na burashi ya kusafishia mtutu.

Hoja yangu ni moja. Bastola ya mfukoni, hasa ile ndogo kabisa inayotamanika, ndiyo inayohitaji kutunzwa kuliko silaha nyingine yoyote ya raia, na ndiyo inayotunzwa vibaya zaidi, kwa sababu watu huinunua ili waisahau. Mtu asiyekuwa na muda wala pesa za kuitunza hana bastola. Ana chuma tu.

Nilimwomba mkufunzi anieleze kwa nini ndogo zinasumbua. Alichukua ya mjomba mkono mmoja na Ceska mkono mwingine, ile bastola ya Kicheki ambayo kila Mkenya anaijua kwa jina kupitia habari za polisi. Zote mbili zinafanya kazi kwa njia ileile. Risasi ikilia, nguvu ya mlipuko husukuma slaidi, ile sehemu ya juu, irudi nyuma. Ikirudi hulitupa ganda nje. Springi huirudisha mbele, na ikienda mbele hubeba risasi nyingine kutoka kwenye magazini na kuiingiza kwenye chemba. Yote hayo ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Sasa ipunguze hiyo mashine iwe ndogo kama kiganja. Slaidi ni fupi na nyepesi, kwa hivyo inasafiri umbali mdogo na kwa kasi kubwa. Springi ya magazini ina nafasi finyu ya kuinua risasi inayofuata kabla slaidi haijapita. Springi ya slaidi ni ngumu kwa sababu lazima izuie nguvu ileile kwa urefu mfupi, na ndiyo maana huchoka mapema na hutakiwa kubadilishwa baada ya risasi chache kuliko ile ya bastola kubwa. Uchafu kidogo ambao Ceska ingeutema na kuendelea na kazi, hii ndogo inakwama nao.

Halafu kuna mkono wako. Bastola ya gramu mia mbili na kitu inaruka mkononi, na ukiishika kilegevu, mkono unarudi nyuma pamoja nayo na kuiibia slaidi nguvu ya kumaliza safari yake. Ganda linakwama. Yaani unaweza kuwa na chuma safi, springi mpya, risasi nzuri, na bado ikakwama kwa sababu umeogopa kishindo chake. Mjomba alikuwa akiishika kama mtu aliyeshika yai.

Kitu kilichonishangaza zaidi ni risasi yenyewe. Kila jioni mjomba hutoa risasi iliyo kwenye chemba, kila asubuhi huirudisha, ileile. Kumbe kila inapoingizwa hugongwa puani, na taratibu kichwa cha risasi husukumwa ndani ya ganda. Baruti inabanwa kwenye nafasi ndogo na shinikizo likilipuka linaweza kuzidi kile bastola ilichoundiwa. Mkufunzi aliiweka risasi hiyo kando ya mpya. Ilikuwa fupi, unaiona kwa macho. Akaitenga na kumwambia asiitumie tena.

Mtu atasema hayo ni mambo ya bastola za bei rahisi. Si kweli. Mwaka wa 2008 kampuni ya Ruger ya Marekani ilitoa bastola ndogo inayoitwa LCP, isiyofika gramu 300 ikiwa tupu, na watu wakaigombania. Oktoba mwaka huohuo kampuni yenyewe ikaziita kiwandani zile za mwanzo, kwa sababu zingeweza kulia zikianguka chini. Kampuni kubwa, wahandisi waliosoma, na bado. Sasa wewe unaitia mfukoni pamoja na sarafu na funguo za boda, na hakuna ala inayofunika kifyatulio. Funguo zikiingia pale kidole kinapokaa, ni mguu wako.

Rudi nami Kiritiri kidogo. Anayejua sehemu hizo za Mbeere, ukishuka kuelekea Kamburu na Kiambere, anajua joto lake. Shati linalowa kabla ya saa nne. Jasho lina chumvi, na chumvi na chuma havipatani. Barabara za ndani ni vumbi tupu, linaingia kwenye maharagwe yaliyofunikwa, sembuse kwenye mtutu. Na ukiongeza mafuta mengi ukidhani unalinda, vumbi linanasa humo na kuwa kama msasa. Matone machache ya mafuta yanayofaa silaha, kisha unapangusa, hiyo inatosha. Mfuko uwe wa bastola peke yake, ndani ya ala inayofunika kifyatulio. Na hata kama hujafyatua chochote, ifunguliwe na kupanguswa mara kwa mara, ikiwa tupu, magazini ikiwa imetolewa na chemba imetazamwa kwa macho na kuguswa kwa kidole. Kwa mtu wa mjini wiki mbili zingepita. Kwa Mbeere ningesema kila Jumapili.

Tatizo ni kwamba Kiritiri ina fundi wa kila kitu: pampu, pikipiki, redio ya mwaka wa 1985. Fundi wa bastola hana, na si kosa lake. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hairuhusu yeyote tu kutengeneza silaha kwa biashara, lazima awe amesajiliwa. Ukimwachia fundi wa jua kali bastola yako jioni ili akunyooshee springi, wewe na yeye mmevunja sheria. Risasi nazo, cheti chako kinaeleza idadi unayoruhusiwa kuwa nayo, huwezi kununua gunia ukafanyie mazoezi shambani. Kwa hivyo mtu wa Kiritiri anayetaka kufanya mambo sawasawa anafunga safari hadi upande wa Nairobi. Nauli, risasi za mazoezi, siku nzima ya biashara. Wengi hawaendi. Siwalaumu sana, lakini siwezi kusema ni sawa.

Mwishoni mwa 2018 Fred Matiang'i, akiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, aliamuru raia wote wenye silaha wakaguliwe upya na Bodi ya Leseni za Silaha. Ilikuwa hatua nzuri. Mjomba angepita ukaguzi kama huo bila shida: hana rekodi mbaya, hanywi, hana ugomvi na mtu. Yeye ni msafi. Bastola ndiyo ilikuwa chafu. Ningependa kuona kila anayefanya upya cheti akileta vitu viwili zaidi: karatasi ya mkufunzi kwamba amelenga shabaha mwaka huo mbele yake, na karatasi ya fundi aliyesajiliwa kwamba silaha imefunguliwa na kukaguliwa. Matatu tunayopanda hukaguliwa kila mwaka, na haijaundwa kuua.

Najua jibu nitakalopewa. Kwamba nawaongezea gharama watu wa mashinani wakati jambazi hakaguliwi na yeyote. Ni kweli, jambazi hana cheti cha kufanyiwa upya. Lakini fikiria alfajiri ile mjomba amesimamishwa na vijana watatu. Anachomoa. Ya kwanza inalia, pengine inakosa, kwa sababu hajafanya mazoezi. Ya pili inakwama. Sasa amewaonyesha kwamba ana silaha na kwamba haifanyi kazi. Mtu aliyekuwa akiporwa pesa sasa anapiganiwa bastola, na kesho iko mikononi mwa watu ambao wataisafisha vizuri kumliko. Angekuwa heri na mikono mitupu.

Na hapa nitasema kitu ambacho mjomba hakupenda. Nusu ya sababu ya kubeba ile bastola ni zile noti. M-Pesa ipo tangu 2007. Mei 2024 gavana wa Mombasa alipopiga marufuku muguka na Kiritiri nzima ikashika kichwa, wanunuzi waliokuwa wakidaiwa walilipa madeni yao kwa simu, hakuna aliyetembea na gunia la pesa. Nilimwambia: lipa wakulima kwa simu, wale wagumu wapelekee taslimu mchana kweupe, uone kama bado utahitaji hicho chuma. Alinijibu kwamba mimi ni mtoto wa mjini na simjui Nyaga. (Nyaga ni mkulima mmoja mzee anayeamini kwamba pesa zilizo kwenye simu ni za kampuni ya simu.)

Basi tukakubaliana nusu. Aliinunua ala. Springi zote mbili zilibadilishwa na fundi aliyesajiliwa, ikamgharimu kiasi ambacho hakutaka shangazi ajue. Wikendi iliyopita nilikuwa nyumbani, na Jumapili baada ya kanisa nilimkuta kibarazani, gazeti limetandazwa mezani, risasi ziko kwenye bakuli chumba kingine kama alivyofundishwa, anapangusa taratibu huku ameshikilia pumzi. Muguka wake umehamia mfuko wa shati. Alinionyesha kitambaa.

Kilikuwa kimechafuka kidogo tu.

"Ya Nyaga," akasema, "nitazungumza naye wiki hii."